Vidonge Katika Sahani Moja

Daktari Teodora Masalu ana hasira za karibu na mimi sina subira, ndiyo maana tumefanya kazi pamoja muda mrefu bila kuchokana. Akianza kufoka, namjibu. Nikianza mimi, anatoka chumbani na kunisubiri nimalize. Wagonjwa wetu wameshatuzoea. Lakini siku ile kule Pasiansi hakufoka hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Naitwa Paskazia, mzaliwa wa Ukerewe, muuguzi wa saratani hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kutafuta mshipa na kutundika dripu. Dawa zile zinaua saratani, hilo nimeliona kwa macho yangu na sitaki mtu aniambie vinginevyo. Shida ni kwamba baadhi yake hazina adabu. Zikishaingia kwenye damu zinakwenda pia kuharibu mishipa ya fahamu, zikianzia kule mbali kabisa, kwenye vidole vya miguu, halafu vya mikono. Mgonjwa anaanza kusema anahisi kama amevaa soksi wakati yuko pekupeku. Baadaye anaangusha kikombe. Mwishowe vidole vinakufa ganzi. Wengine ganzi huwaachia matibabu yakiisha, wengine hubaki nayo maisha yao yote.

Na wako wanaokimbia. Mtu anapiga hesabu zake, anaona heri saratani kuliko mikono isiyoshika kitu, anafunga mizigo na kurudi kwao. Habari zake tunazipata baadaye kwa ndugu, na mara nyingi ni za msiba.

Hao wanaokimbia ndio waliomtia Teodora kichaa cha utafiti. Kabla hajaja kwetu alikaa miaka maabara akikuza seli za fahamu kwenye visahani vya kioo. Alinieleza hivi: seli ya fahamu ina mwili mdogo na mkia mrefu sana, na juu ya ngozi yake kuna vipokezi, mfano wa masikio. Kila kipokezi kinasikiliza neno lake moja tu. Sasa kuna aina fulani ya vipokezi ambavyo ukiviamsha kabla sumu haijafika, seli inajiweka sawa. Inaanza kutengeneza vitu vya kuulinda mkia wake na kuziba palipochubuka. Alinionyesha picha mbili. Katika ya kwanza seli haikuamshwa, ikamwagiwa dawa ya saratani, na mkia ukakatikakatika kama shanga zilizomwagika. Katika ya pili vipokezi viliamshwa mapema, na mkia ulikuwa mzima. Mimi si mtu wa kushangazwa na picha, lakini ile niliomba niitazame tena.

Kutoka kwenye visahani wakaenda kwa panya, na panya wakapona miguu. Kutoka kwa panya kikapatikana kidonge. Kilichobaki ni kujua kama kinafanya kazi kwa watu, na hapo ndipo wagonjwa wetu walipoingia.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Nusu ya wagonjwa wanapewa kidonge chenye dawa, nusu wanapewa kidonge cha unga mtupu, rangi ileile, umbo lilelile. Nani amepata kipi, mgonjwa hajui, mimi sijui, Teodora hajui. Anajua mtu mmoja aliye mbali ambaye hatumwoni. Bila hivyo, mgonjwa akibaki na vidole vyake utajuaje kama ni kidonge au ni bahati tu? Teodora aliwaita mmoja mmoja, akafunga mlango, akaeleza taratibu bila kuficha kitu, unga akauita unga. Aliyekubali akapewa kopo lake.

Miongoni mwao alikuwamo Roza, Mjaluo wa pwani ya ziwa kule Rorya, mkoa wa Mara. Kazi yake ni kushona nyavu za dagaa zilizochanika. Tundu za nyavu hizo ni ndogo mno, na yeye huzishona akiongea na watu bila kuangalia mikono, vidole vyenyewe vinatafuta palipokatika. Wenye mitumbwi wanapanga foleni kwake. Mume hana tena. Anaye binti mmoja mkubwa, Favour, aliyefuatana naye kuja kumuuguza. Roza alipoanza dripu aliniuliza jambo moja tu: "Sista, na vidole?" Nikamwambia ukweli, kwamba hatujui. Hakulipenda jibu langu, lakini akalikubali.

Roza na Favour walifikia kwa Mama Ndalahwa, mtaa wa Pasiansi. Mama Ndalahwa ni Msukuma wa Usagara aliyejenga mjini zamani, naye ni mgonjwa wetu vilevile. Alikutana na wenzake kwenye benchi letu, akasikia wengine hawana pa kulala, akawabeba wote kwenda kwake. Alikuwamo pia Modesta wa Sengerema, mpole, haongei mpaka aulizwe. Kila Alhamisi walikuja pamoja na kuondoka pamoja, na aliyemaliza dripu mapema aliwasubiri wengine. Mimi niliona ni jambo zuri. Teodora naye aliona ni jambo zuri.

Kila baada ya muda tulipima vidole vyao. Mgonjwa anafumba macho, tunamgusa ncha ya kidole kwa uzi mwembamba wa nailoni, naye anasema akiusikia. Wagonjwa wengine walianza kutengana waziwazi: huyu anausikia uzi mwembamba kabisa, yule hausikii hata ule mnene. Hisia za wale watatu wa Pasiansi zilikuwa zikishuka pamoja, hatua kwa hatua. Teodora alikunja uso akisoma matokeo yao.

Halafu Alhamisi moja Roza hakuja.

"Yuko wapi?" nikamuuliza Mama Ndalahwa.

"Yupo nyumbani. Anasema imetosha. Jana sindano ya kushonea ilimwingia kidoleni, akaiona kwa damu." Aliangalia pembeni. "Juma lijalo anarudi kwao."

Nilipomwambia Teodora, hakuniuliza swali. "Kesho tunamfuata," akasema.

Kesho yake mchana tuliacha gari chini barabarani na kupanda kwa miguu katikati ya mawe, maana nyumba ya Mama Ndalahwa iko juu, na njia yake haina huruma kwa mtu wa umri wangu. Tulikuta wanakula. Ugali wa udaga wa muhogo, sato wa kuchemsha, kachumbari.

"Shikamoo, mama," akasema Teodora.

"Marahaba, daktari. Mmekuja wakati mzuri. Favour, ongeza maji ya kunawa."

Kukataa chakula kwenye nyumba ile ni kutafuta ugomvi, kwa hiyo tulinawa, tukala. Roza alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, anakata tonge kwa kulitazama sana. Teodora alikuwa akimvizia amalize kula ndipo aanze kumsema. Na mimi nilikuwa na yangu, nimeyapanga tangu nyumbani.

Tulipokwisha kunawa, Mama Ndalahwa aliingia ndani akatoka na sahani ya bati. Ndani yake vilikuwamo vidonge, vingi, vyote vya rangi moja. Akampitishia Modesta, naye akachukua kimoja. Akampitishia Roza. Kidole cha Roza kilihangaika kwenye bati kabla hakijakinasa kidonge. Kisha Mama Ndalahwa mwenyewe akachukua chake, akanywa maji, akaifunika sahani kwa kitambaa.

Sikuelewa mara moja. Teodora alielewa.

"Mama," akasema polepole, "hivyo vidonge ni vya nani?"

"Vyetu."

"Vya nani kati yenu?"

"Nimekwambia, daktari, ni vyetu." Mama Ndalahwa akaketi, hana wasiwasi hata chembe. "Ulituambia mwenyewe kwamba nusu yetu tunakula unga. Tulivyofika hapa tukatazamana. Sasa nani ale dawa, nani ale unga, na tunalala chumba kimoja? Siku mnayotupa makopo nayamimina yote humu, nakoroga, nagawa sawasawa. Kila mtu anapata ya kwake kidogo. Na hesabu haijapungua hata kidonge kimoja, nendeni mkahesabu."

Aliyasema hayo kwa fahari, kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Nilimtazama Teodora nikingoja moto. Haukuja. Alikaa na kushika tama, na uso wake ulikuwa umechoka namna ambayo sijapata kuiona. Mimi nikaanza: "Mama Ndalahwa, hivi unajua kazi ya miaka mingapi umeikoroga humo..." Teodora akanigusa goti, nikanyamaza.

"Mama," akasema, "kule Usagara mwizi wa ng'ombe akionekana, mwano, lile yowe la kuitana, unapigwaje?"

"Unapigwa kwa nguvu. Watu wote watoke."

"Na mtu akiupiga kwa kunong'ona?"

"Nani atasikia? Ng'ombe wameshaenda."

"Kidonge hiki ni mwano. Mishipa ya fahamu ina masikio, na kidonge kinaiita iamke kabla dripu haijafika. Lakini masikio yale hayaamki kwa sauti ndogo. Lazima dawa itoshe, na iwepo kila siku. Mkila leo dawa kesho unga, leo unga kesho dawa, mnanong'ona. Haamki mtu."

Roza ndiye aliyefika kwanza mahali maneno yalikokuwa yanakwenda.

"Kwa hiyo yule aliyekuwa amepewa dawa," akasema, "sisi ndio tuliomnyang'anya."

Teodora angeweza kulainisha. Mimi ningelainisha. "Kama kidonge kinafanya kazi, ndiyo," akajibu.

"Na huyo ni nani?"

"Sijui, Roza. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa Modesta, anaweza kuwa mama. Kwenu hapa hatutajua tena."

Modesta akainamisha kichwa. Mama Ndalahwa aliitazama sahani yake iliyofunikwa, na fahari yote ilikuwa imemtoka. "Nilitaka nitende haki," akasema. Nilikuwa nimemkasirikia sana, na wakati uleule nilimhurumia mpaka machozi yakanilengalenga. Mama huyu hajawahi kula peke yake tangu azaliwe. Tulimpa kopo lenye jina lake tukategemea atakula peke yake.

Roza akamgeukia Teodora. "Basi nipe vya kweli. Peke yangu. Nile mbele yako kila siku."

"Siwezi. Sina ruhusa, na sijui kama vinafaa."

"Panya si walipona?"

"Panya walipona. Na nimeona dawa nyingi zikiponya panya na kuwaacha watu hivihivi. Nikikupa na kukwambia vitakulinda, nitakuwa nakudanganya."

"Kwa hiyo huna kitu."

"Leo sina. Nina dripu tu. Uvimbe wako umepungua, umeuona kwenye picha. Ukiondoka sasa, uvimbe utarudi."

"Na nikikaa vidole vinakwisha."

"Vinaweza kwisha. Vinaweza kurudi. Hilo nalo silijui."

"Wewe daktari umesoma sana kutojua," akasema Roza, akageuza uso mlangoni. Favour alikuwa amesimama pale na birika la kunawia, anamtazama mama yake.

Tulishuka. Nusu ya njia Teodora alisimama, akaegemea jiwe, akalitazama ziwa. Nikajua sasa moto unakuja, na kweli ulikuja, ila haukumlenga Mama Ndalahwa.

"Nimewagawa watu wanaokula sahani moja," akasema. "Mlango nimefunga, nimewaita mmoja mmoja, nimefuata utaratibu wote kama ulivyoandikwa na watu wanaokula kila mtu na sahani yake. Halafu nikawarudisha nyumba moja. Nilitegemea nini?"

"Ulitegemea wakutii."

"Nyumba, Paskazia. Nilipaswa kugawa nyumba. Nyumba nzima dawa, au nyumba nzima unga. Wachanganye wanavyotaka, kitakuwa kitu kilekile." Akaanza kushuka tena, haraka, mimi nyuma yake nikilalamika na magoti yangu. "Tunaanza upya."

"Upya toka wapi?"

"Toka mwanzo."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia wakubwa hawatakubali, na kwamba hakuna mtu aliyejua habari za sahani ile ila sisi, na wagonjwa watatu si wengi. Hilo la mwisho nililisema ili nione atanijibu nini. Alinitazama vibaya sana, akaingia garini, hatukuongea mpaka Mwanza mjini.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa kamati ya maadili kabla mtu hajamwita. Aliwaeleza yote, na ile sahani pia. Akawauliza wagonjwa wengine wote kama wanagawana vidonge, na ikaonekana Pasiansi haikuwa peke yake: walikuwapo mama na mwanawe, walikuwapo dada wawili wa Ilemela. Kamati ilitaka muda wa kufikiri, yeye akawapa muda na kurudi tena mlangoni kwao. Walipomwambia utafiti wa nyumba kwa nyumba utahitaji wagonjwa wengi zaidi na miaka zaidi, akasema anao muda. Wakati huo alikuwa analala vibaya, anakula vibaya, na ananifokea kila siku. Nilifurahi kumwona amerudi katika hali yake.

Ruhusa ilipopatikana tulipanda tena Pasiansi. Siku hizo zote Roza alikuwa hajaja hospitali, lakini hakuwa ameondoka pia. Favour alikuwa akipata kila siku sababu mpya ya kuchelewesha safari. Tukawakusanya barazani.

"Ninyi mmetoka kwenye utafiti," Teodora akasema. "Vidonge hamtapata tena, vya unga wala vya dawa. Mishipa yenu imeshapitiwa na dripu, siwezi kuanza nanyi. Watakaokuja ni wapya, na nitawagawa kwa nyumba."

"Na watakaofikia kwangu?" akauliza Mama Ndalahwa. "Nyumba yote inaweza kuangukia unga?"

"Inaweza."

Alifikiri sana. "Hiyo naielewa," akasema mwishowe. "Tukila unga, tunakula wote."

Teodora akamgeukia Roza. "Wewe sina cha kukuahidi. Nimekuja kukwambia kwamba kiti chako cha Alhamisi hatujampa mtu."

Roza alikuwa na kipande cha wavu mapajani na sindano ya kushonea mkononi, lakini hakuwa anashona. Tukaaga, tukaondoka. Njiani nilimwambia Teodora kwamba tumempoteza, na yeye hakubisha.

Alhamisi nilifika mapema kupanga dawa. Mama Ndalahwa na Modesta walikuwa wameshaketi kwenye benchi. Nyuma yao alisimama Favour, na pembeni ya Favour alikuwapo Roza, kavaa gauni la mikono mirefu la kwendea kanisani, amenuna kama mtu aliyeburutwa. Hakuna aliyemburuta. Favour aliniambia baadaye kwamba mama yake aliamka kabla ya wote, akaoga, akawaambia wafanye haraka.

Teodora alipomwona alisahau hata kujibu salamu.

"Usifurahi," Roza akamwambia. "Sikuja kwa ajili yako."

"Sawa."

"Nina maswali. Hao wapya, ukiwapa makopo, utawaeleza mambo ya nyumba na nyumba?"

"Nitawaeleza."

"Hawatakuelewa. Mtu akipika anapelekea jirani. Watapeleka na vidonge. Nitakaa kwa Mama Ndalahwa mpaka dripu zangu ziishe, na nitapita kwa kila nyumba ya wagonjwa wako nikae nao niwaambie tulichofanyiana. Mimi watanisikia. Nitawaonyesha mikono."

"Roza," akasema Teodora, "hilo halitakurudishia vidole."

"Najua. Si umeniambia? Huo ugonjwa mama yangu alikufa nao, na mimi ninao." Hakumtazama Favour, lakini aliongea kwa sauti ambayo Favour angeisikia. "Siku huyu akikaa kwenye kiti hiki, asije akaambiwa habari za panya. Mwambieni kidonge kinafanya kazi, au mwambieni hakifanyi, basi. Mnanielewa?"

"Nakuelewa," akasema Teodora.

"Haya. Sista, nitundikie."

Akakaa. Akajaribu kufungua kifungo cha mkono wa gauni ili apandishe kitambaa, akajaribu tena, kikamshinda. Favour akapiga magoti mbele yake, akakifungua, akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akabaki ameshika vidole vya mama yake ambavyo havikujua kwamba vimeshikwa. Mimi nikamfunga mpira mkononi, nikaanza kutafuta mshipa.